Jina Langu kwenye Barua Mbili

Nilimwambia Mzee Muchangi asiguse zile barua. Nilimwambia mara mbili, Alhamisi, nimesimama mlangoni na mkoba begani: "Mzee, tafadhali, ngoja wakili wa Nairobi ajibu." Akaitikia vizuri kabisa. Nami mjinga nikaenda zangu Meru, siku ya wazazi katika shule ya mwanangu kule Kaaga.

Kiwanda chetu kiko Embu, cha kubangua makadamia. Mwenyewe ni Mzee. Mimi hushughulikia karatasi za kuuza nje. Wanunuzi wetu ni wawili tu. Wa Marekani alitutaka tuape kwamba hatuuzi hata punje kwa kampuni fulani ya China ambayo serikali ya Marekani imeiwekea vikwazo. Na kampuni hiyo ndiyo mnunuzi wetu wa pili! Nayo ikaandika wiki hiyohiyo, ikitaka tuape kwamba hatutaiacha: sheria ya kwao inasema ukiiacha kwa kutii vikwazo vya Marekani, unashtakiwa. Tena kila barua ilidai jina la mtu mmoja atakayewajibika yeye binafsi iwapo kiapo kitakuwa uongo.

Jumatatu narudi, namkuta Mzee anakunywa chai, uso unang'aa.

"Zile barua nimemaliza," akasema. "Zote mbili."

"Zote mbili vipi?"

"Nimejaza, nimepiga muhuri, zimeenda Ijumaa."

Ngai, Mungu wangu! Nikamuuliza kama alizisoma. Akasema alizipitia, ila mtu akikuletea kadi ya harambee huwezi kumrudishia tupu. Wa kanisa hili unampa, wa kanisa lile unampa, na hakuna anayekuuliza. Huyo ndiye Mzee wetu. Miaka ishirini anauza makadamia ng'ambo na bado anadhani dunia nzima inachanga kujenga paa la kanisa.

Nikafungua nakala. Penye nafasi ya mwenye kuwajibika paliandikwa Kananu Mwiti, kwenye barua zote mbili, na sahihi ambayo si yangu. Kananu ni mimi.

"Mzee, hapa umeandika nani?"

"Wewe." Akatabasamu. "Si huwa natoa kwa jina lako kwenye harambee, watu wakujue? Nikasema na hawa wa ng'ambo wakujue. Siku moja kiwanda hiki utakiendesha wewe."

Kontena la Wachina lilikuwa limeshafika Mombasa. Likipakiwa melini, nimewadanganya Wamarekani. Nikilizuia, nimewadanganya Wachina. Mimi, ambaye hata paspoti sina! Na huyu mtu ananitazama akingoja nimwambie asante.

"Umeniuza, Mzee!" nikafoka. "Huku nashtakiwa, kule nashtakiwa. Mwanangu atabaki na nani?"

Tabasamu likaisha. Akavaa miwani, akasoma kile kifungu polepole, kidole kikifuata mistari. Akakisoma tena.

"Nilifikiri ni heshima," akasema.

"Najua."

"Sasa inafutwaje?"

Nikamwambia ukweli. Aliyeandika aseme ndiye aliyeandika, na kwamba mimi sikuwepo wala sikujua. Awaambie wote wawili, leo hii, na kontena lisimame. Na huenda tukawakosa wote.

"Na kutia sahihi ya mtu mwingine, hiyo nayo ni kesi?"

"Ni kesi, Mzee. Hata hapa Embu ni kesi."

Huyu ndiye aliyenipa kazi nikiwa sijui hata kuwasha kompyuta. Nilitamani kumwambia basi, tuache, na Mungu anisamehe, sikumwambia. Nilimsogezea karatasi mbili.

Aliandika kwa mkono wake, polepole, barua moja kwa kila mnunuzi, kwamba yeye Muchangi Ndambiri ndiye aliyetia sahihi zile, na mfanyakazi wake hana habari. Alipofika mwisho akaniuliza, kwa sauti ndogo ya mtu aliye mbele ya daktari, kama pale pa kuwajibika bado wanataka jina.

Nikasema ndiyo.

Akaandika lake badala ya langu, kwenye barua zote mbili.