Kifundo cha Mvuje

Bi Mwanakhamisi alikuwa amekwisha kuamua. Siku ya arobaini ya mwanawe, watu wakimaliza kula pilau, atamkabidhi Mwantumu, mke wa marehemu, kwa baba yake arudi naye Mbeya. Kwamba eda ilikuwa haijaisha, na kwamba mjane hatolewi nyumba ya mumewe kabla eda haijaisha, alilijua vizuri kuliko wengi pale mtaani Mshindo. Lakini mtu aliyefiwa na mwana wa pekee huwa na sheria zake, na katika sheria za Bi Mwanakhamisi, mkwewe ndiye aliyemuua Halfani.

Jambo lenyewe lilianza siku Mwantumu alipoletwa Iringa akiwa bibi harusi. Bi Mwanakhamisi alikuwa akimsaidia kupanga nguo, akakuta chini ya kanga donge la mvuje limefungwa kitambaani. Akaliachia kama kaa la moto. Kwao Bagamoyo, alikozaliwa kabla baba yake hajapanda bara na biashara ya chumvi, mvuje ulikuwa dawa. Mtoto akistukastuka hufungwa shingoni. Mtu akipandwa na shetani hufukizwa, na kwa jinsi unavyonuka, hata jini mwenye adabu zake hangoji kufukuzwa mara ya pili. Sasa mwari anayekuja kwa mume na mvuje sandukuni, huyo ana lake kichwani.

"Ni wa kupikia, mama," Mwantumu alimwambia. "Kule Mbeya tulikaa uani kwa Wahindi. Mama Hansa alinifundisha. Unatia kidogo tu kwenye choroko."

"Mvuje haupikwi," Bi Mwanakhamisi alisema, akautupa chooni kwa mkono wake.

Tangu hapo mvuje ukapigwa marufuku nyumbani, na yeye hakula tena kitu kilichopikwa na mkwewe. Alijipikia chungu chake, kwenye jiko lake, akala peke yake chumbani kwake. Halfani alijaribu kumsemesha mpaka akachoka. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa njia ya Mbeya, na akirudi nyumbani hakutaka ugomvi.

Kilichowapatanisha mama na mwana kilikuwa kachori. Kila Ijumaa aliyokuwapo mjini, Halfani akitoka msikitini alimletea mama yake kachori za choroko kutoka kwa Muhindi wa sokoni, pamoja na chatini ya ukwaju ndani ya kipande cha jani la mgomba. Zilifungwa kwenye gazeti, pembe nne zimekutana katikati na moja imechomekwa chini ya nyingine. Bi Mwanakhamisi alizila barazani huku pilipili ikimtoa kamasi. Alisema yule Muhindi, pamoja na ule uso wake mkavu, mikono yake ina baraka.

Ijumaa ya mwisho zilimchusha. Aliuma moja, akamrudishia zilizobaki. "Mwambie Muhindi wako ameanza ubahili. Kuna kitu hakutia." Halfani alicheka, akaahidi kumwambia. Kesho yake akaondoka na lori.

Alikufa kwa homa, pale Igawa, akiwa njiani kurudi. Wakamzika huko huko, mama yake asilione hata kaburi. Taniboi wake, kijana msaidizi wa lori aitwaye Bushiri, ndiye aliyeleta kabuti lake. Bi Mwanakhamisi aliingiza mkono mfukoni akitafuta hata yeye hajui nini, akatoa kifundo cha kitambaa. Hakuwa na haja ya kukifungua, maana harufu ilikuwa imekwisha kulishika kabuti zima.

Basi akaelewa, au tuseme alidhani ameelewa. Mwanawe alikuwa akitembea na kinga. Na mwanamume mzima atajikinga na nini, kama si na kile anacholala nacho? Alikificha kifundo chini ya godoro. Machozi yalimkauka, hasira ikakaa mahali pake, na kwa kweli hasira ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Siku moja alituma sokoni akanunuliwe kachori, akaletewa za viazi. Akaambiwa Muhindi anasema yeye hajapata kuuza za choroko. Bi Mwanakhamisi akamwita mwongo, akazimwagia kuku. Halafu akatuma salamu Mbeya kwa Matano, baba yake Mwantumu, aje kwenye arobaini bila kukosa.

Matano alifika, kanzu imejaa vumbi la safari. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, watu wakatawanyika mmoja mmoja. Bi Mwanakhamisi akamwita uani, na Mwantumu naye akaitwa, akatoka ndani katika nguo zake za eda, amekonda. Evarista, jirani Mhehe aliyekuja kusaidia, alikuwa akisugua masufuria. Alipoona sura zilivyo, akajifuta mikono aende zake.

"Kaa," Bi Mwanakhamisi alimwambia. "Kwako ndiko huyu alikokuwa akishinda kila Ijumaa kunisengenya. Kaa usikie."

Akakitupa kifundo mkekani.

"Mkwe, hiki kilikuwa kwenye kabuti la mwanangu. Mtoto wako ana kitu. Halfani alikijua, akatafuta kinga, nayo ikachelewa. Mchukue leo."

Matano alikisogeza kando kile kifundo. "Mkwe, binti yuko kwenye eda," alisema.

"Ataimalizia kwenu."

Mwantumu hakubisha. Aliinama akakiokota kifundo, akakinusa.

"Kumbe aliupata," alisema.

"Sema vizuri tusikie."

"Maneno nilikwisha kuyasema siku ya kwanza, mama, ukayakataa. Nitaondoka na baba. Lakini choroko nimeloweka tangu jana, nilitaka kumtolea sadaka. Naomba nipike kwanza, hapa hapa, mkiniona. Kutoka siruhusiwi, la sivyo ningekwenda kwa dada Evarista."

Bi Mwanakhamisi alitaka kukataa, ila Matano alikuwa akimtazama, na ni aibu kumnyima mfiwa sadaka. Akavuta kigoda, akakaa alinde.

Evarista alikimbia kwake, akarudi na karai kubwa jeusi. Mwantumu aliziponda choroko, zisiwe unga, zibaki na chembe. Akakata pilipili mbichi na tangawizi. Mafuta kidogo yalipopata moto karaini, akamega mvuje kiasi cha punje ya mchele kutoka kifundoni, akautupia humo.

Uvundo ukapanda. Bi Mwanakhamisi alijiziba pua kwa kanga, na moyo ukamuuma sana. Kama roho ya mwanawe ilikuwa bado inapitapita nyumbani, sasa ilikuwa ikifukuzwa mbele ya macho yake, siku ya hitima yake, na yeye mama mtu amekaa kwenye kigoda anatazama. Alifungua kinywa akemee.

Lakini uvundo ulikuwa umekatika. Mahali pake pakaja harufu tamu, kama ya kitunguu kinachoiva taratibu, na kitunguu hakikuwamo. Harufu ile aliifahamu. Hakuweza kusema anaifahamu kutoka wapi, akafunga kinywa.

Choroko zikaingia, bizari, giligilani, ndimu na sukari kidogo. Mwantumu akakanda unga wa ngano kwa samli, akajaza, akaviringisha, akakaanga kwa moto mdogo. Zilipoiva, alimpa baba yake, akampa Evarista, kisha akachukua kipande cha gazeti. Akaweka kachori, akaweka ukwaju ndani ya jani. Akakunja pembe nne zikakutana katikati, moja akaichomeka chini ya nyingine.

Bi Mwanakhamisi aliitazama ile mikono.

"Nani kakufundisha kufunga hivyo?"

"Ndivyo ninavyofunga siku zote, mama."

Alikipokea kile kifurushi bila kujua kwamba amenyoosha mkono. Akakifungua, akauma. Pilipili ikampanda puani, ukwaju ukafuata, na nyuma ya ukwaju ikaja ile ladha aliyoikosa Ijumaa ya mwisho, ladha aliyomgombezea Muhindi wa watu. Akatafuna polepole.

"Halfani alikuwa akizinunua kwa nani?"

"Hakununua. Nilikuwa nikipika kwa dada Evarista kwa sababu hapa ulikataza. Yeye alizichukua kwa mlango wa nyuma, akaja nazo kwa mbele."

"Kweli, mama," Evarista alisema, macho yakiwa chini. "Kila Ijumaa. Karai ndilo hili. Mimi nilimwambia Halfani mwambie mama yako, akasema acha ale kwanza, siku moja nitamwambia."

"Na huu mvuje?"

Mwantumu aliinua macho akamtazama. Alikuwa akimwonea huruma, na hilo Bi Mwanakhamisi aliliona, likamchoma kuliko tusi.

"Ulituishia, mama. Ijumaa ile nilipika bila. Ulipozirudisha, Halfani aliniambia safari hii atautafuta Mbeya mpaka aupate, mama asikose kitu chake. Alikuwa anakuletea wewe."

Matano aliangalia pembeni. Bi Mwanakhamisi aliimalizia ile kachori mpaka chembe ya mwisho, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, na hata siku ile hakuiomba.

"Mkwe," alimwambia Matano, sauti ikikwaruza, "leo utalala hapa. Kesho utapanda basi peke yako."

Kisha akamgeukia mkwewe. "Karai la watu lirudishe. Ijumaa utapika kwenye langu. Na mimi nipikie chakula cha jioni, sijala cha kushiba tangu jana."

Mwantumu aliitika kwa kichwa, akaenda kuchochea moto. Kifundo alikuwa amekirudisha pale mkekani. Bi Mwanakhamisi akakiokota, akakipeleka puani bila kujiziba na kanga, na hapo ndipo alipomlilia mwanawe.