Takataka za Wimbo wa Tisa

Mimi kelele sizitaki. Niletee wimbo wenye mlio wa feni, wa kiti au wa mtu anayemeza mate, chakula hakishuki mpaka niutoe. Kazini wananiita Fagio, na wala sichukii.

Kwa hiyo waliponipa kanda kumi na mbili za Mzee Nyororo nizisafishe, nilijiona nimefika. Mzee Nyororo unamjua: waliooana wameoana kwa nyimbo zake, na walioachwa wamelia nazo. Walitaka albamu moja, nyimbo zake kubwa za mapenzi zote mahali pamoja, iende kiwandani Jumatatu. Kanda zenyewe zilikuwa zimechoka. Nilizipitisha kwenye mashine mara moja tu, zikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Sauti zikabaki kwenye kompyuta yangu peke yake.

Nikafagia wiki tatu. Kulikuwa na mtu anagonga kitu, ko, ko, ko, na kabla ya kila ubeti mwanamke ananong'ona, "Sasa." Jamani, nikasema, nani huyu asiye na adabu studioni? Nikamtoa kwenye nyimbo zote kumi na mbili, nikafuta na zile nakala chafu, nikajipongeza.

Ijumaa asubuhi mzee akaja kusikiliza. Ana miaka sabini na ushee, shati limenyooshwa vizuri lakini kifungo kimoja amekiruka. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikampa hedifoni, nikasimama pembeni kungoja sifa zangu.

Wimbo wa kwanza ulipoisha akazivua.

"Binti yangu, mama watoto umempeleka wapi?"

"Nani, mzee?"

"Mke wangu. Alikuwa anakaa hapa," akaonyesha karibu na goti lake, "ananigongea mguu wa kiti. Mimi huyu unayeniona sijawahi kujua pa kuingilia. Watu wanasema ati Nyororo mapigo yamo damuni. Damuni wapi! Ni yeye alikuwa ananiambia 'sasa'."

Nikamuuliza kama nyumbani hana sauti yake nyingine. Akatikisa kichwa. Picha zipo tele, akasema, lakini mama alikuwa hataki kabisa kurekodiwa. Mwaka wa nne huu tangu wamzike, na albamu hii aliikubali kwa sababu hiyo tu, amsikie.

"Nimeanza kuisahau sauti yake," akasema. "Yangu naisikia kila redio."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Badala yake nikawa mkali, ndivyo nilivyo nikiogopa. Nikamwambia akae hapo hapo, asiguse kitu. Sisi tunaosafisha nyimbo tuna desturi yetu: uchafu unaoutoa unauweka kwenye faili lake, halafu unausikiliza peke yake, uhakikishe hujang'oa na sauti ya mwimbaji. Mimi, kwa kujiamini kwangu, sikuwa nimesikiliza hata moja. Na takataka hizo huwa nazifuta kazi ikishatoka. Hii ilikuwa haijatoka. Nikafungua takataka za wimbo wa kwanza, nikaweka kwenye spika kubwa.

Ukaja mvumo wa kanda. Ko, ko, ko. "Sasa."

Mzee akajiziba mdomo kwa kiganja.

Tukasikiliza moja baada ya nyingine, bila wimbo wowote, mwanamke peke yake akimhesabia mtu asiyesikika. Wa tisa ni ule wa kuuliza: nikizeeka, sauti ikinikauka, utabaki nami? Mzee anauliza mara tatu, na ya tatu anaivuta mpaka watu ukumbini wanampigia makofi kabla hajamaliza. Hapo kwenye ya tatu, mahali ambapo sauti ya mzee mwenyewe ilikuwa imemfunika mkewe, yule mama akasema polepole, "Nitabaki. Wee imba."

Mzee akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Nimeuliza kwenye majukwaa mangapi mie," akasema. "Nyumbani nikimuuliza kama anaupenda ule wimbo, ananiambia, uko sawa tu, kula chakula kinapoa." Akacheka, machozi yanamtoka. Na mimi nikalia, sina haja ya kuficha.

Nikamwambia nitarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, mwenye kampuni akichukia na achukie.

"Hizo 'sasa' zirudishe zote," akasema. "Watu wajue nani alikuwa ananiongoza. Lakini hiyo ya wimbo wa tisa, hapana mwanangu. Hapo nimejibiwa mimi."

Nikamwekea mafaili yote kwenye simu yake, akaondoka ameishika kwa mikono miwili. Kisha nikakaa, nikarudisha kila kitu kwenye nyimbo, nikayatafuta yale maneno matatu, nikayatoa tena kwenye albamu. Mara ya kwanza hata sikujua nimeyatoa. Safari hii yalinichukua saa nzima, nikiogopa kumkwaruza.