Kelele ya Gari la Mwalimu

Nilimwambia kaka yangu mbele ya watu sita kwamba gari lake litamuua. Sikumnong'oneza wala sikumpambia maneno, maana mimi kupamba sijui. Nilitoka chini ya gari, mgongo umejaa vumbi, nikasimama mbele yake na spana mkononi.

"Beringi ya kati ya propela imekufa," nikasema. "Gari hili litakuua, kaka."

Kwa asiyejua, propela ni lile bomba refu la chuma linalopita chini ya sakafu ya gari. Injini inalizungusha, nalo linazungusha magurudumu ya nyuma. Kwenye magari ya zamani kama lile limegawanywa vipande viwili, na pale vinapokutana kuna beringi iliyokaa ndani ya mpira, imefungwa kwa bolti mbili kwenye tumbo la gari. Beringi hiyo ndiyo inayolibeba bomba lote. Ikichoka inalia. Mpira ukichanika, bomba linaanza kupiga sakafu, dugu, dugu, dugu, na dereva mwenye masikio analeta gari gereji siku hiyohiyo.

Kaka hakuwa na masikio. Alikuwa mwalimu wa udereva, miaka kumi na minane, na nusu ya madereva wa mji ule walijifunzia breki kwenye gari lile. Watu walimwita Mwalimu hata msibani. Sasa mdogo wake, mwanamke, amepakaa grisi hadi puani, anamwambia habari za gari lake mbele ya wanafunzi wake wawili na mafundi wenzangu.

"Nimeendesha gari hili wewe unakojoa kitandani," akasema.

Watu wakacheka. Mimi nikichekwa damu inanichemka, sikatai.

"Na mpaka leo hujui kilicho chini yake," nikamjibu. "Unafundisha watu barabara na wewe mwenyewe kiziwi!"

Hapo wakacheka zaidi, safari hii walimcheka yeye. Alinizaba kofi nikaona nyota. Sikufikiri. Mkono uliokuwa na spana ulikwenda wenyewe, ukampata juu ya jicho, nyusi ikafunguka. Damu ilimwagika kwenye shati lake jeupe la kazini. Alinishika nywele, akanibamiza kichwa kwenye boneti mara mbili, nami nikamng'ata mkono mpaka nikasikia chumvi mdomoni. Ilibidi mafundi watatu watutenganishe.

"Kuanzia leo sina dada!" akapiga kelele huku akijifuta.

"Na mimi gari lako nisilione hapa!"

Basi tukanuniana. Ukoo wetu kununa tunakujua. Baba na shangazi walikaa miaka minne bila salamu kwa sababu ya ngazi ya kuazimana, na ngazi yenyewe ilikuwa imevunjika. Siku za kununa kwetu kuna utaratibu wake: neno lako unampa mtu wa katikati, naye analifikisha. Kati yangu na kaka mtu wa katikati alikuwa wifi yangu, mke wake.

Nitasema sasa jambo ambalo sote tulikuwa tunalijua na hakuna aliyelisema. Kaka alikuwa anampiga wifi. Mama alijua, mimi nilijua, majirani walijua na kazi yao ilikuwa kuongeza sauti ya redio. Mimi ninayejigamba kwamba sina simile, ninayempasua mtu nyusi kwa ajili ya beringi, kwa hilo sikuwahi kufungua mdomo. Nilikuwa napeleka nyama Jumapili na kuuliza habari za nyumbani, basi.

Wiki ya tatu ya kununa, siku ya Jumanne, gari la Mwalimu liliingia gereji likigonga kama ngoma iliyopasuka. Jumanne kaka alikuwa akifundisha alama za barabarani darasani na gari lilibaki nyumbani. Aliyeshuka alikuwa wifi. Kuendesha alifundishwa na kaka walipokuwa wachumba, walipooana akakatazwa.

Alinivuta nyuma ya rundo la matairi, akafungua kitambaa kichwani. Sikio la kushoto lilikuwa limevimba, rangi yake sitaki kuisema. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kipande cha shuka.

"Jana mwanafunzi alicheka," akasema. "Gari liligonga wakiwa kwenye mzunguko, mwanafunzi akacheka. Kaka yako akaja kunimalizia mimi hasira. Kila likigonga, wifi, mimi ndiye ninayelipia. Naomba uinyamazishe hiyo kelele."

"Hainyamazishwi. Inabadilishwa."

"Basi ibadilishe."

Beringi ya gari la umri ule haikai dukani. Inaagizwa, na kuagizwa ni wiki nzima. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kwa jicho moja lililokuwa linafunguka vizuri.

"Wiki nzima nitakuwa nimeshakufa," akasema. Hakulia. Alisema kama anayeniambia ni saa ngapi.

Kuna kitu mafundi tunakifanya. Kila fundi wa zamani amewahi kukifanya na kila mmoja atakuapia kwamba hajawahi. Unachukua tyubu kuukuu ya tairi, unaikata vipande virefu, unaishindilia kuzunguka beringi pale mpira ulipochanika, unaivuta kwa nguvu na kuifunga kwa waya. Halafu unajaza grisi. Gari linanyamaza kabisa, hata mwenye gari mwenyewe anaapa limepona. Kumbe halijapona. Umeliziba mdomo tu, na ule waya unashika kitu ambacho bolti mbili nene zilishindwa kukishika.

Nilijua. Hakuna mtu wa kunifundisha hilo. Lakini lile sikio lilikuwa mbele yangu. Nikalala chini nikafanya kazi nusu saa, na nilipotoka nikamshika wifi mabega.

"Wiki moja," nikasema. "Asizidishe arobaini. Asishike barabara kuu. Jumanne ijayo ulilete, na usipolileta nakuja kulichukua mwenyewe. Mwambie hivyo."

"Nimwambie nililileta kwako? Unamjua."

"Mwambie umeota! Mwambie umesikia kwa jirani! Lakini mwambie, wifi. Huu mpira ukikatika akiwa anakimbia, hatoki."

"Nitamwambia," akasema. Alitoa gari taratibu, halikutoa sauti hata ya kukohoa.

Miguu nilikuwa nayo, mdomo nilikuwa nao, na nyumba ya kaka ilikuwa umbali wa dakika kumi. Ningekwenda jioni ileile nikasimama mlangoni na kumwambia. Angenitukana, tungetwangana tena, lakini angejua. Sikwenda kwa sababu nilikuwa nimenuna. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Beringi ilifika Jumanne kama nilivyoahidiwa. Nikampigia wifi.

"Kesho, wifi," akasema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sikuwa nimeisikia hivyo kwa miaka. "Nyumba imetulia. Jana amenicheka kwa sababu niliunguza shati lake kwa pasi, hebu fikiria, amecheka tu."

Jumatano akasema kesho. Alhamisi akasema wanafunzi ni wengi. Ijumaa hakupokea simu. Niliiweka beringi mezani ndani ya boksi lake, nikawa naitazama nikifanya kazi za watu wengine, na kila nikiitazama nilikuwa nawaza: kaka aje mwenyewe, aombe radhi, nitamfungia bure.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, fundi wa magurudumu wa kule kwenye mteremko wa bohari la saruji alinipigia. Hakusema salamu.

"Njoo. Ni gari la Mwalimu."

Waliokuwa wanapakia saruji waliona yote. Lilishuka mteremko likiwa kwenye mia au zaidi, wakasikia mlio kama bati linachanwa, kisha kipande cha nyuma cha propela kikaachia kwa mbele na kuanguka. Ncha yake ilichimba lami na kuganda. Gari likapanda juu ya bomba lake lenyewe, nyuma ikainuka kuliko mbele, likajipindua hewani. Lilitua kwa paa, likateleza kwenye cheche mpaka ukuta wa bohari, ukuta ukaanguka juu yake. Na hata hapo halikutulia. Injini ilikuwa bado inanguruma, na kipande cha mbele cha propela, kilichobaki kimeshikwa upande mmoja na injini inayokizungusha, kilikuwa kinachapa sakafu, kinachapa, kinachapa, mpaka kikatoboa bati lenye kutu na kuingia ndani.

Nilimkuta bado yumo. Wapakiaji walikuwa wameondoa matofali na kuzima injini, wanaogopa kumgusa. Nilitambaa juu ya vioo mpaka kwake. Kiti kilikuwa kimepasuliwa kutoka chini, na sitasema paja lake na tumbo lake vilikuwaje, kwa sababu mama yangu bado yuko hai na anaweza kusikia. Alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, kichwa chini, macho wazi. Aliniona. Najua aliniona kwa sababu alikunja nyusi, ile yenye kovu langu. Alifungua mdomo na damu ikatangulia. Sijui alitaka kuniita au kunitukana, na ningepokea lolote kati ya hayo mawili. Nilikata mkanda kwa kisu, akaniangukia kifuani na uzito wake wote. Nikawa namwita, kaka, kaka, kaka, neno nililokuwa nimemnyima wiki nne. Alikufa njiani mkono wake ukiwa umeshika ovaroli yangu, na ilibidi muuguzi amfungue kidole kimoja kimoja.

Wifi alifika hospitali amevaa ndala za rangi mbili tofauti. Shingo yake ilikuwa na alama nyekundu, mpya, nne upande huu na moja upande ule. Daktari alimwambia palepale kwenye korido. Aliitikia kwa kichwa, akakaa kwenye benchi, nami nikakaa pembeni yake na damu ya kaka imenikaukia hadi viwikoni.

"Ulimwambia?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Nilitaka Jumanne. Nikasema akijua nilikwenda kwako, ile amani itakwisha. Alhamisi nilitaka tena." Alikuwa anaongea akitazama sakafu. "Leo asubuhi akanishika shingo pale jikoni, eti chai imepoa. Akaniacha, akachukua funguo. Nilimwona anavyoingia garini, nikajua kwa hasira ile atakimbiza. Nilisimama mlangoni, wifi. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikamwangalia mpaka akakata kona."

Kwanza sikuelewa. Kisha nikaelewa. Kaka yangu, tumbo moja, titi moja! Nilisimama nikamzaba kofi. Nililipiga kwa nguvu zangu zote za kufungulia bolti, kichwa chake kikagonga ukuta, na nikainua mkono nimwongeze.

Aliteleza kutoka kwenye benchi hadi sakafuni, akageuza ubavu ukutani, akaingiza kidevu kifuani, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, viwiko mbele, vile vidole viwili vibovu vikiwa vimefichwa ndani ya vingine visiumie tena. Alifanya upesi, bila kukosea hata kitu kimoja. Akasubiri.

Mkono wangu ulibaki hewani. Nilikuwa nimesimama pale ambapo kaka alikuwa akisimama, nikiona alichokuwa akikiona kila mara, na bado yeye akaendelea kupiga. Niliushusha.

Afande wa usalama barabarani alitukuta hivyo. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki, ndani kuna vipande vya tyubu vilivyoungua na waya uliokatika.

"Nani fundi wa gari lile?"

"Mimi."

"Hii kazi ni yako?"

"Ni yangu."

"Dereva alijua amefungiwa kitu cha muda?"

"Hakujua."

"Kuna mtu yeyote uliyempa taarifa?"

Sakafuni wifi aliinua kichwa. Mdomo ulikuwa unatoka damu na nikaona unafunguka, na safari hii nikajua angesema kweli.

"Hakuna," nikasema kabla yake. "Tulikuwa tumenuniana, mimi na kaka. Sikumwambia mtu."

Afande aliandika, akanipa kalamu nitie sahihi, akaniambia tutakwenda wote kituoni. Nilikubali. Nikamwomba dakika moja, nikamgeukia wifi, nikainama na kumnyooshea mkono nimwinue.

Akajifunika kichwa tena.