Unga Ulioshikana

Nereah hakuwa mtu wa kula kwa watu. Si maringo, ni njugu. Binti yake Marion, wa darasa la kwanza, njugu zilimkataa tangu alipolamba kijiko cha mchuzi akavimba uso kama aliyeingiza kichwa mzingani. Tangu hapo mama mtu akawa askari wa masufuria. Pale kwao Kibera alijua nani hukaanga njugu na viazi kwa mafuta yale yale, na mboga za nani zimetiwa njugu za kusaga zikajifanya maziwa. Majirani wakambandika jina la Inspekta, naye akaitika.

Jumapili hii hakuweza kukwepa. Adhis wa Kawangware, mke wa shemeji yake, alikuwa amemwalika mara nyingi mpaka akaanza kununa.

"Karibu, nyieka!" Adhis akampokea mlangoni, kwa jina wanaloitana wake wa ndugu wawili, kana kwamba wanagombania mume mmoja. "Mkoba tu? Mashine ya kupima sumu umeiacha nyumbani?"

"Iko kwa macho. Hiyo mboga ya osuga umeiweka nini?"

"Maziwa, afande. Mtoto wa Mjaluo hali njugu, kesho mtatuambia hali samaki."

Nereah akafunua sufuria, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Maziwa kweli. Mafuta yalikuwa ya chupa mpya. "Na uji?"

"Wimbi tupu. Nimechambua mwenyewe, macho yakauma. Sasa keti, unaniaibisha."

Akaketi. Nyumba ya pili kutoka hapo kisiagi cha Kihara, mashine ya kusaga nafaka, kilikuwa kikinguruma, na vikombe rafuni vikagongana polepole, kama meno ya mtu anayesikia baridi. Marion akapewa uji wake, akaushika kwa mikono miwili.

"Huyo Kihara leo amenipenda," Adhis akasema. "Nimepeleka wimbi kidogo, unga ukarudi umejaa mpaka nikaufunga na leso. Na mtamu! Ona uji unavyong'aa juu, kama nimetia siagi."

Nereah alikuwa akitabasamu. Tabasamu likabaki mdomoni, lakini macho yakaenda kwenye leso.

"Kwenye foleni ulikuwa nyuma ya nani?"

"Mama mapacha. Na uji wake wa kunenepesha watoto. Mchele, soya, nju..."



Kila anayesagisha anajua. Mashine haizimwi kati ya mteja na mteja. Mabaki ya wa mbele hulala tumboni mwake mpaka nafaka za wa nyuma ziyasukume nje. Wa mbele hupunjwa, wa nyuma huongezewa, na watu hucheka wakaenda kusonga ugali. Nereah mwenyewe amewahi kuicheka hiyo bahati.

Akafungua leso, akafinya unga. Unga wa wimbi hukimbia vidoleni kama vumbi. Huu ulishikana, ukabaki na alama za vidole vyake vyote.

"Marion, weka kikombe chini!"

Kikombe kilikuwa kimebaki nusu.

"Mama, ulimi unaniwasha."

Adhis alitoka pekupeku kutafuta boda. Mpaka wanafika kliniki huko Riruta, midomo ya mtoto ilikuwa imejaa na pumzi yake inapiga filimbi nyembamba. Nesi akamdunga sindano ya paja. Filimbi ikaendelea. Nereah akaisikiliza, akiogopa itakaponyamaza. Ikalegea kidogo kidogo, ikageuka kilio, na hakuna wimbo uliowahi kumfurahisha hivyo.

Jioni walipomruhusu, walipita mbele ya kisiagi, Marion amelala mgongoni mwa mama yake. Kihara alikuwa mlangoni, mweupe kwa unga hadi kwenye kope.

"Niaje, Adhis! Unga ulikuwa poa?"

Ndani, mwanamke mmoja alikuwa akimimina mchele na njugu nyekundu kinywani mwa mashine. Nyuma yake alisubiri msichana, beseni la wimbi kichwani, mtoto mchanga kifuani.

Nereah akasogea mpaka mlangoni. "Zima kwanza!"

Kihara akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa akicheka: hasikii. Mashine ikanguruma. Msichana akateremsha beseni, akasogea mbele.