Namba ya Marehemu

Mambo yalimharibikia Mwashi Jumanne ya tarehe nne Machi, siku baraza la mji lilipobandika tangazo kwenye geti la makaburi. Mlinzi ndiye aliyemsomea, maana yeye kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Barabara mpya itapita hapa. Mwenye kaburi ajisajili kwa simu kabla ya mwezi kwisha, apewe sehemu nyingine. Mifupa isiyo na mwenyewe itafukiwa pamoja, shimo moja.

Kaburi la mkewe alilijenga kwa mikono yake, akalipiga lipu laini kuliko ya nyumba anayolala. Leo wakubwa wakae kwenye viti vyao vya kuzunguka, waseme halina mwenyewe?

Akaenda barazani. Dirisha la kupeleka shida lilikuwa limezibwa kwa ubao, tena umepigiliwa ovyo, misumari imepinda. Karani, binti mpole, akamwambia siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo. Mwashi akasema yeye yuko hapa, mwili na kofia, mbona huo mfumo haumwoni? Binti akatabasamu, akarudia kompyuta yake. Hivyo ndivyo walivyo: wanakufungia mlango, halafu wanakusifia ufunguo ambao huna.

Simu ya Mwashi ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea basi. Akaishia kwa kinyozi mwenye simu ya intaneti. Kinyozi akaweka mashine chini, akamwacha mteja na kichwa nusu, kama shamba lililoingiliwa na mbuzi, akaanza kubonyeza simu yake. Jina la marehemu likatokea. Mwashi moyo ukamtua. Kisha mfumo ukasema umetuma namba ya siri kwenye simu iliyoandikishwa siku ya mazishi.

"Uliandikisha simu gani, mzee?"

Mwashi akakumbuka. Siku ile nyumba yao ilikuwa na simu moja, ya mkewe, na ndiyo namba pekee aliyokuwa nayo kichwani. Laini yenyewe ilishafungwa kwa kukaa bila kutumika.

"Basi wamemtumia yeye," kinyozi akasema. "Piga, huenda huko alipo kuna mtandao."

Mteja wa kichwa nusu akacheka, halafu akaona haya.

Mwashi akapiga. Akapokea mwanamke mgeni. Kumbe kampuni ya simu ilishamuuzia namba ile. Mwashi akamweleza yote: kaburi, barabara, hata lipu. Akamwomba amsomee tu hiyo namba iliyoingia.

"Kaka, serikali yenyewe kila siku inatutumia ujumbe tusimtajie mtu namba za siri," mwanamke akasema. "Nyie matapeli sasa mmefika mpaka makaburini?"

Akakata. Mwashi alipopiga tena, hakupatikana.

Alirudi kwa karani, akaegemea ule ubao.

"Binti, mnataka marehemu atoe ruhusa ndipo marehemu ahamishwe. Mimi niliyemzika ni nani kwenu?"

Karani akatazama kioo cha kompyuta, akatazama pembeni. Akamshauri swali hilo alitume kwenye mfumo. Kinyozi akamtumia. Mfumo ukajibu kwamba umepokea, ukashukuru.

Sasa vigingi vyekundu vya barabara vimefika safu ya jirani na kaburi. Mwashi hushinda pale na mwiko wake, akiziba nyufa ambazo hazipo, akimuuliza kila mpimaji anayepita: kama mume siye mwenyewe, mwenyewe ni nani?