Wahitimu Wenye Kazi

Benedicte alisomea afya ya jamii, akahitimu, kisha akakaa kwao Kawempe akimsaidia mama yake kuuza vitenge. Mvumilivu hula mbivu, husema waliokwisha kula. Ndipo chuo kikamwita kazini. Na kazi yenyewe? Kuwapigia simu wahitimu wenzake na kuwauliza kama wana kazi.

Wakaguzi wa ithibati walikuwa njiani. Wasipoona wahitimu wengi wameajiriwa katika fani yao, kozi ingefungwa, na shahada ya kozi iliyofungwa nani ataitazama? Benedicte alipiga simu kwa moyo wote. Akifanya vizuri, alijiambia, Dakta Wamalwa, mkuu wa idara, hatamwacha.

Akampata Oyat, aliyekuwa kichwa cha darasa lao.

"Uko na kazi sasa?"

"Iko. Nalinda geti ya godauni hapa Luzira. Mzee wangu aliongea na afande mwenzake."

"Ile haiko afya, ndugu yangu."

"Lakini watu nawanawisha mikono mbele ya kuingia."

Walicheka. Benedicte akaenda kumuuliza Dakta Wamalwa.

"Ananawisha? Weka udhibiti wa maambukizi," alisema Dakta bila kuinua macho.

Akaweka. Alijichukia, lakini akaweka.

Siku ya ukaguzi alivishwa beji na kusimamishwa mbele. "Mhitimu wetu huyu," alisema Dakta Wamalwa, "na sasa tumemwajiri wenyewe." Wakaguzi wakampa mkono mmoja mmoja. Hapo akili ikamfunguka. Kumbe naye alikuwa mmoja wa waliohesabiwa, samaki ndani ya kapu alilolibeba mwenyewe! Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ithibati ikatolewa, ya muda tu, wakaguzi wangerudi. Mkataba wa Benedicte ukaisha wiki hiyohiyo, na Dakta akaacha kupokea simu zake. Akarudi kwenye vitenge.

Mwaka ulipogeuka, simu yake ikalia.

"Sista Benedicte? Mimi ni Acan, nilimaliza nyuma yenu. Chuo imenipatia kazi ya kufuatilia wahitimu. Sista, uko na kazi?"

Ilikuwa sauti changamfu ya mtu aliyetoka tu kupata kazi. Benedicte aliijua sauti hiyo, ilikuwa yake. Alitaka kumwambia ukweli wote, akafungua mdomo. Lakini kozi ikifa wanazama pamoja, Oyat na geti lake, yeye na vitenge vyake, na huyu mtoto wa watu.

"Niko na kazi, mdogo wangu. Andika nafundisha wamama usafi."

"Asante sana, sista! Dakta Wamalwa amesema tukipita, mimi hatanisahau."

Mteja alikuwa amesimama mbele ya Benedicte, kitenge mkononi.

"Hatakusahau," alisema, akaanza kumkunjia mteja kitenge.