Si kwa Kauli Moja

Mgeni wetu wa mwisho alifika tulipokuwa tumeshaacha kusubiri wageni. Meli iliyowaleta wajumbe wa Mkutano Mkuu wa kanisa letu ilikuwa imeondoka asubuhi, mikeka imetandikwa katika kila nyumba ya kijiji chetu, na akina mama wameshagombana kwa mara ya kwanza juu ya masufuria. Nilikuwa nimerudi nyumbani kubadili blauzi kwa ajili ya ibada ya ufunguzi. Nikasikia hodi, hodi ya chini, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Mlangoni alisimama mwanamke mzee. Gauni lake lilikuwa limelowa maji ya bahari hadi kiunoni, na begani alibeba mkeka uliokunjwa na kufungwa vizuri ndani ya plastiki. Yeye alikuwa amelowa, mkeka ulikuwa mkavu.

"Wameniambia nyumba hii haina mgeni," alisema.

"Haina, bibi. Karibu."

"Wameniambia pia haina mtu."

Nikacheka. "Hao ni shangazi zangu. Kwao mwanamke asiye na mume wala mtoto ni nusu mtu."

"Mimi nilikuwa na vyote viwili," alisema, huku akivua ndala. "Sasa na mimi nimebaki nusu. Tukijumlishana tutatosha."

Tangu nirudi kutoka chuo kikuu Suva, nchi jirani, nilikuwa nikilala peke yangu katika nyumba ile. Mama alihamia mjini Vila kwa ndugu zangu. Mimi nilibaki hapa kisiwani Tongoa kufundisha shule ya msingi, kwa kuwa niliamini, na bado naamini, kwamba visiwa vyetu havitajengwa na watu waliovihama. Lakini imani haikai nawe mezani jioni. Siku ile nilitoa vikombe viwili kabatini, na kimoja ilibidi nikioshe vumbi.

Jina lake lilikuwa Leipakoa, mzee wa kanisa kutoka Vatarua, kisiwa kidogo tunachokiona kutoka kwenye jabali letu siku isiyo na ukungu. Baada ya kile kimbunga kikubwa watu wake wengi walihamia kisiwa kikubwa cha Efate wasirudi. Wamebaki kumi na mmoja. Mpwa wake, Sandi, ndiye aliyemleta kwa mashua yake ya injini.

"Na si Vatarua," alinirekebisha. "Hivyo wanaandika watu wa ofisini. Ni Vaatarua. Uvute, kama unamwita mtu aliye ng'ambo. Hebu sema."

"Vaatarua."

"Bado. Huyo uliyemwita yuko jikoni."

Kesho yake nilimpeleka kwa mjomba wangu, Mchungaji Kaltaliu, ili aandikwe kuwa mjumbe. Mjomba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya parishi, na kamati hiyo ndiyo iliyopendekeza parishi ya Vatarua ivunjwe, watu wake wahesabiwe chini ya parishi ya kisiwa cha Emae. Alimsalimu Leipakoa kwa mikono miwili, akamuuliza habari za bahari, kisha akanivuta pembeni.

"Baraza la wazee la kule limebaki na mtu mmoja. Mtu mmoja si baraza. Bila baraza hakuna mjumbe."

"Amevuka bahari, mjomba."

"Na tumempa mahali pa kulala. Akae nyuma, asikilize. Nitamwombea nafasi ya kusalimu."

Kusalimu si kuchangia hoja. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye vikao vyetu anajua tofauti. Siku ya pili Leipakoa aliitwa mbele. Alifungua mkeka wake miguuni pa Msimamizi wa Mkutano. Ulikuwa na urembo mwekundu, na ukiangalia kwa makini uliona kwamba mkono uliosuka pembe hii si uliosuka pembe ile.

"Nimeleta salamu za watu wa Vaatarua," alisema. "Kila mtu ametia mkono wake hapa, hata dada yangu asiyeweza kusimama. Kama mnaona pahali pamepinda, ni yeye. Msameheni."

Watu walicheka, kisha wakapiga makofi kwa muda mrefu. Nilimwona mama mmoja wa kisiwa cha Epi akijifuta macho. Msimamizi alishukuru, mkeka ukakunjwa, tukaendelea na shauri lililofuata.

"Wamekupenda, bibi," nilimnong'oneza aliporudi.

"Wameupenda mkeka."

Shauri lililofuata lilikuwa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi kinacholevya, kama mchungaji anaruhusiwa kuinywa au la, na likameza siku yote iliyobaki. Mchungaji mmoja wa Malekula alisema kwa uchungu kwamba anayekunywa kava jioni hupanda mimbarini asubuhi na ulimi mzito.

"Na ulimi mzito wa jana jioni ulikuwa wa nani?" sauti ikatoka nyuma.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Msimamizi aligonga meza. Mzee mmoja wa Tanna alisimama akasema kwao kava ilikuwepo kabla ya wachungaji, kwa hiyo tuulizane kwanza kama kava inaruhusiwa kuwa na mchungaji. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilipomgeukia Leipakoa, alikuwa amekaa wima, mkoba magotini, macho kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Vatarua ilikuwa imepangwa saa nane. Saa nane ilikuwa imepita. Jioni ilitangazwa kwamba mashauri yaliyobaki yamesogezwa hadi kesho yake.

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa na zamu ya kuparuza viazi vikuu vya laplap, chakula chetu cha kuokwa ndani ya majani, kwa ajili ya kesho, naye akachukua kiparuzio cha pili bila kuulizwa. Kazi ile ikikolea hulazimiki kumtazama mwenzako usoni, na nadhani ndiyo sababu alisema.

"Mume wangu alikuwa mjumbe mwaka walipotuondolea mchungaji. Msimamizi aliuliza kama wote wanakubali. Mume wangu akanyamaza. Aliona haya, mwanangu. Wageni wengi, chakula kizuri, wenyeji wamejitahidi. Ilipokuja taarifa ikasomwa kanisani kwetu: imekubaliwa kwa kauli moja. Watu wakamgeukia. Wakamuuliza, hiyo kauli moja, na yako ilikuwemo?"

"Akasemaje?"

"Hakusema. Miaka yote ile hakusema. Alipougua ndipo akawa ananiambia: ningesimama tu. Wangenishinda, lakini ningesimama."

Aliendelea kuparuza.

"Una kura wewe?" aliuliza.

"Ninayo. Vijana wa wilaya yetu wamenichagua."

"Siwezi kukuomba uwapinge. Umesoma, una akili yako. Na labda hawajakosea. Sisi tutakufa, na kanisa tutawaachia popo. Ninachotaka ni isiandikwe kwamba kila mtu alikubali. Mmoja tu aseme hapana."

Sheria yetu inaruhusu. Mjumbe asiyeridhika husimama mara tu uamuzi unapotangazwa, kabla ya shauri lingine kufunguliwa, akaomba kutokubali kwake kuandikwe pamoja na jina lake. Uamuzi haubadiliki. Hupewi hata nafasi ya kujieleza. Lakini karani hawezi tena kuandika yale maneno, kwa kauli moja.

"Nitasimama," nilisema, kwa wepesi, kama mtu aliyeombwa kuchota maji.

"Usijibu haraka."

"Nitasimama, bibi."

"Na jina ulitaje vizuri."

Alfajiri Sandi alibisha. Redio ilikuwa imetangaza upepo mkali, na dada yake Leipakoa alikuwa ameachwa kwa jirani ambaye naye ni wa kushikwa mkono. "Shangazi, twende," alisema. "Tukikawia hapa, wiki ijayo bado tunakula laplap ya Mkutano."

Leipakoa alisimama katikati ya chumba akatazama upande wa ukumbi, kisha upande wa bahari. Hakunikumbusha chochote. Alinishika tu mkono, wa kwake mkavu na wenye kukwaruza, akauachia. Nilisimama ufukweni mpaka mlio wa injini ukapotea. Niliporudi, kikombe chake kilikuwa kimeoshwa na kuinamishwa kando ya changu.

Mjomba alinikuta wakati wa chai ya saa nne.

"Yule bibi ameondoka?"

"Alfajiri."

"Mungu amfikishe salama. Basi jambo lake litapita kwa amani."

Nikakoroga chai yangu. Mjomba ndiye aliyenilea baba alipofariki. Kimya changu anakijua kuliko maneno yangu.

"Leisongi. Unataka kufanya nini?"

Nikamwambia. Aliweka kikombe chini polepole.

"Shauri linalofuata baada ya Vatarua ni lipi?"

"Wanaopelekwa chuo cha uchungaji Santo."

"Na mimi ndiye ninayesoma majina. Lako ni la nne. Mwaka mzima nimewaambia wenzangu, huyu binti ni mtiifu, ana moyo wa huduma, nipeni tu nafasi moja. Sasa uniaibishe mbele ya visiwa vyote, hapa nyumbani kwetu, halafu nisimame niwaambie tena ni mtiifu?"

"Sikuaibishi, mjomba. Nasema hapana tu."

"Hoja yetu ina uongo?"

"Haina." Nilikuwa nimeisoma taarifa ya kamati mara mbili, na ningekuwa mwenyekiti huenda ningeiandika vilevile.

"Basi nini?"

"Nilimwahidi."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko kama angenifokea. "Ameshaondoka, mwanangu. Hata hatajua."

Tangu utotoni nilitaka kuwa mchungaji. Nilicheza kubatiza kuku. Suva, wenzangu walipokuwa wakizungumza kuhusu kazi za mabenki na wizara, mimi niliwaza kanisa fulani dogo la bati, na mimi mlangoni nikipeana mikono na watu wanaotoka. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimelibeba kanisa hilo kifuani kama sufuria iliyojaa, nikiogopa kumwagika.

Shauri la Vatarua lilikwisha kabla ya wanaoosha vikombe kumaliza. Mjomba alizungumza vizuri, kwa heshima, akautaja hata mkeka. Hakuna aliyeuliza swali. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati, na wajumbe walitaka kusonga mbele. Msimamizi akaomba wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono ikainuka safu kwa safu.

"Imekubaliwa," alisema Msimamizi. "Karani, andika, kwa kauli—"

Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tu kwamba kiti kilipiga kelele sakafuni.

"Msimamizi, naomba kutokubali kwangu kuandikwe."

Sauti yangu haikushinda mvua. Akainama mbele. "Nani anasema?"

"Leisongi Kalmatak, mjumbe wa vijana. Naomba kutokubali kwangu kuandikwe. Katika shauri la Vaatarua."

Kwenye madirisha shangazi zangu walikuwa wameganda na miiko mikononi. "Jamani, huyu mtoto!" mmoja wao alisema, akidhani hasikiki. Mjomba alikuwa anatazama karatasi zake.

Msimamizi alikuwa mtu wa haki. Alifuata sheria hadi mwisho. "Je, yupo mwingine anayejiunga na mjumbe huyu?"

Alisubiri. Niligeuza kichwa, ingawa nilijiambia nisigeuze. Yule mama wa Epi aliyejifuta macho kwa ajili ya mkeka alikuwa anakunja na kukunjua leso mapajani. Mzee wa Tanna alitazama dari. Sikuwachukia. Ukumbi ule nilikuwa nimeufagia mwenyewe, kila mtu mle nilikuwa nimemlisha siku tatu, na sikuwahi kuwa mbali na watu kama pale.

"Hakuna," alisema karani.

Nikaketi. Shauri lililofuata likafunguliwa. Mjomba alipanda mbele, akavaa miwani, akasoma majina ya wanaopelekwa Santo. Alisoma matatu. Aliishikilia karatasi kidogo, kama mtu aliyepoteza mstari, kisha akaikunja, akashuka. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Wakati wa mapumziko karani aliniashiria niende mezani kwake. Alikuwa mtu mkimya wa Paama, vidole vina wino. Akanigeuzia daftari.

"Hebu tazama kama ni sawa, kabla sijamsomea Msimamizi."

Nikasoma. Jina langu lilikuwepo. Yale maneno matatu hayakuwepo.

"Si sawa," nilisema. "Ni Vaatarua. A mbili."

"Vitabu vyetu vyote vina moja."

"Najua."

Alitazama upande wa pili wa ukumbi, ambako mjomba alikuwa anakunywa chai na wachungaji wenzake, akiwa amenigeuzia mgongo. Kisha akanitazama mimi.

"Litamke tena."

Nikalitamka, nikalivuta kama Leipakoa alivyonifundisha, kwa mtu aliye ng'ambo. Karani alichovya kalamu, akabana herufi moja ndogo katikati ya zile zilizokuwepo.